John Kilaka, mtungaji na mchoraji wa vitabu vya watoto

Juma hili tunawaletea habari za mtu wa jirani. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, kuna mji wa Sumbawanga. Huko alizaliwa John Kilaka mwaka 1966. Yeye hutunga hadithi za watoto na kuzichorea picha mwenyewe. Vitabu vyake vimefika Ulaya na Amerika, lakini ndani yake mna sungura, tembo, kobe na panya, wale wale wa hadithi zetu za jioni.

Kilaka alikuwa mchoraji wa mtindo wa Tingatinga kule Dar es Salaam. Mtindo huo ulianzishwa mwaka 1968 na Edward Saidi Tingatinga, mtu ambaye hakusomea uchoraji. Alichora wanyama juu ya vipande vya mbao za dari, kwa rangi ya mafuta iliyopatikana madukani. Alikufa mwaka 1972, na wengine wakaendeleza kazi yake. Picha hizo hununuliwa sana na watalii. Kilaka alizitia ndani ya hadithi, akawapa watoto.

Kitabu chake cha kwanza, kinachoitwa Fresh Fish kwa Kiingereza, kilitoka mwaka 2001. Sokwe anapeleka samaki sokoni, mbwa anamwibia. Mbwa anahukumiwa, na adhabu yake ni kupanda miti. Tuseme ukweli, wangapi kati yetu tungefikiria adhabu inayojenga kabla ya kuchukua fimbo?

Katika kitabu cha pili, True Friends, panya na tembo ni majirani. Wakati wa njaa tembo anaweka chakula cha panya nyumbani kwake, kisha anakataa kumpa. Panya anahama. Kumbe yeye peke yake ndiye anayejua kuwasha moto! Kitabu hicho kilimpatia Kilaka tuzo kwenye maonyesho ya vitabu vya watoto ya Bologna, Italia.

Mwaka 2009 kikaja cha mti wa ajabu. Kuna ukame, na matunda ya mti mmoja hayaanguki mpaka mti uitwe kwa jina lake. Wanyama wakubwa wanakwenda kumuuliza kobe jina hilo, wanarudi wamelisahau. Sungura aliyeambiwa kuwa ni mdogo mno ndiye anayelileta.

Kilaka anapata wapi hadithi? Anatembea vijijini kusikiliza wazee. Hapo ndipo habari yake inapotugusa sisi wa Masisi na Walikale. Mwaka 1956, msimuliaji Mnyanga aitwaye Rureke alisimulia habari za shujaa Mwindo kwa siku 12. Maneno yake yaliandikwa, na kitabu kikatoka mwaka 1969, kwa Kinyanga na Kiingereza. Mali hiyo ni ya kwetu, na kama isingeandikwa ingezikwa pamoja na msimuliaji.

Leo hatari hiyo ni kubwa zaidi. Tunapokimbia vita tunabeba mtoto, sufuria na blanketi. Wazee wengine wanabaki nyuma, wengine wanafia kambini, na mtoto anakua bila kujua bibi yake alisimulia nini. Hadithi haina uzito mgongoni, lakini lazima mtu aipokee kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kianze hivi. Wiki hii, muulize mama mzee mmoja akupe hadithi moja, kwa Kihunde, Kinyanga, Kitembo, Kinyarwanda au Kiswahili. Anayejua kuandika aiandike katika kaye, na aweke jina la aliyeisimulia na kijiji chake. Halafu mtoto achore wanyama wake, hata kwa kipande cha makala. Msimcheke tembo akionekana kama mbuzi. Sisi walimu tumeona kwamba mtoto aliyesikia hadithi nyumbani anaposoma huwa anatafuta kitakachofuata. Hasomi herufi tu.

Kaye ikijaa, ifungeni katika plastiki isiloane, mkaisome kwenye mkutano. Wamama wasiojua kusoma wasikae pembeni, kwa kuwa hadithi nyingi ziko kwao.