Ukaguzi wa Moto ni Amana: Mzazi Naye Akague

Mwezi wa Machi 1998, moto ulizuka usiku katika bweni la Shule ya Upili ya Wasichana ya Bombolulu, karibu na Mazeras, ukawaua wasichana 26. Walikuwa mabinti wa Pwani hii hii. Vyuma vya madirishani na mlango uliofungwa ni miongoni mwa yaliyowazuia kutoka. Miaka 3 baadaye, wavulana 67 wakateketea Kyanguli, Machakos. Na Septemba 2024, watoto 21 wakafariki katika bweni la Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri. Innaa lillahi wainnaa ilayhi raaji'uun.

Si kwamba nchi haina sheria. Mwaka 2007 zilitolewa kanuni za kupunguza hatari ya moto katika sehemu za kazi. Kanuni hizo zinamtaka mwenye jengo afanyiwe ukaguzi wa moto kila mwaka, na angalau mara moja kwa mwaka watu wake wafanye zoezi la kujiokoa. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa usalama shuleni. Katiba ya 2010 ikazikabidhi serikali za kaunti huduma za zimamoto. Hata kanuni za ujenzi, zilizokuwa zikitumika tangu 1968, zimeandikwa upya katika Kanuni ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2024.

Upungufu umo katika ukaguzi. Baada ya msiba wa Endarasha, shule zilikaguliwa, na mwezi wa Novemba 2024 serikali ikafunga mabweni ya shule za msingi 348. Mwongozo ulikuwa na umri wa miaka 16 siku hiyo. Ni wazazi wangapi waliokuwa wakiwalaza watoto wao humo wakidhani kuwa mtu amekwisha kuangalia?

Mwongozo huo hauhitaji mtaalamu kuuelewa. Mama anayempeleka mwanawe bwenini anaweza kuyatazama haya kwa macho yake: bweni liwe na mlango kila upande, na mwingine wa dharura katikati, milango iwe na upana wa futi 5 na ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje wakati watoto wamo ndani, madirisha yasiwe na vyuma, baina ya vitanda pawe na nafasi ya mita 1.2. Aulize pia mtungi wa kuzimia moto uko wapi, na ni nani anayejua kuutumia. Swali lile lile liulizwe katika madrasa za bweni. Kumheshimu ustadhi hakumzuii mzazi kuuliza, kwani mtoto ni amana ya wote wawili.

Nyumbani mwetu mkaguzi wa sehemu za kazi haingii, na huko ndiko tunakolala. Wakaao Malindi, Watamu na Kilifi wanajua jinsi makuti yanavyoshika moto wakati wa kaskazi: cheche moja hurukia paa la jirani kabla ya maji kufika. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na gari la zimamoto haliwezi kupita palipoegeshwa mkokoteni au palipojengwa kibanda. Kwa kuhofia wezi, tumeyatia madirisha yote nondo, na kila usiku mlango hufungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake anajua baba peke yake ulipo.

Imepokewa kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wakiwamo ndani. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa, aliwausia waumini wazime moto kabla ya kulala. Leo wasia huo unahusu jiko la makaa, chetezo cha udi, kibatari, mshumaa ulio karibu na chandarua, na mtungi wa gesi ambao haukufungwa.

Basi wiki hii, kila nyumba ijikague. Dirisha moja la kila chumba cha kulala litiwe nondo zenye bawaba, zifungukazo kwa ndani. Ufunguo wa mlango uwe na mahali pake, panapojulikana na kila mtu hadi mtoto mdogo. Watoto wafundishwe kutambaa chini ya moshi, na wajue mahali pa kukutania nje. Mafuta yakiwaka katika sufuria, yafunikwe kwa mfuniko, yasimwagiwe maji.

Kisha tuende barazani. Kaunti inapokusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti, akina mama wahudhurie na waulize: magari ya zimamoto ni mangapi, yanayofanya kazi ni mangapi, na mabweni ya eneo letu yalikaguliwa lini mara ya mwisho? Viongozi wamekabidhiwa jukumu hili, na mwenye amana huulizwa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape subira wazazi wao, na atulindie vizazi vyetu. Amin.