Daftari la Kila Siku Lalinda Mkopo wa Kikundi

Halmashauri nchini hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Kwa kikundi cha wanawake au vijana wa Kanazi, wilayani Ngara, ambako fedha za kahawa huja kwa msimu, ugumu ni kupanga marejesho. Inafaa kila jioni mhusika aandike daftarini kilichoingia, kilichotoka na tarehe ya rejesho linalofuata, kisha atenge fedha ya rejesho kabla ya matumizi ya nyumbani. Kisichoandikwa husahaulika, na mkopo usiporejeshwa, kikundi kingine hukosa zamu yake.