Vyandarua vya Muleba: utafiti wa nchi mbili hujengwaje?

Mamilioni ya watu barani Afrika hulala leo ndani ya vyandarua vyenye kiambata cha PBO bila kuwahi kulisikia jina la Muleba. Lakini mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipoanza kushauri vitumike mahali ambapo mbu wamekuwa sugu, ushahidi mzito uliokuwa mezani ulitoka wilaya hii ya mkoa wa Kagera, katika vijiji vya migomba na kahawa kama vile vinavyoonekana ukipita kata ya Buganguzi. Kazi ile ilifanywa na Watanzania na Waingereza kwa pamoja: Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kituo cha Mwanza, chuo cha tiba cha KCMC kule Moshi, na chuo cha afya ya jamii na tiba za kitropiki cha London. Viongozi husaini hati za ushirikiano wa elimu na utafiti mara kwa mara, picha zikapigwa, na mwananchi akabaki hajui kinachofuata. Muleba inatuonyesha kinachofuata pale kazi inapofanyika kweli.

Kwanza kulikuwa na swali, na swali lenyewe lilizaliwa hapa. Mwaka 2006 malaria ililipuka Muleba, na mwaka uliofuata serikali ikaanza kupulizia dawa ya ukoko majumbani. Muda si mrefu watafiti wakagundua kwamba mbu wa huku hawafi tena kama zamani. Kipimo chenyewe ni rahisi kukielewa. Mbu jike wanawekwa ndani ya bomba lenye karatasi iliyopakwa dawa, wanakaa humo saa moja, kisha wanahamishiwa kwenye bomba safi na kupewa maji yenye sukari. Baada ya saa 24 waliokufa wanahesabiwa. Wakifa pungufu ya 90 katika kila 100, usugu umethibitika. Mbu wa Muleba walikuwa wamevuka mstari huo kwa mbali, na dawa waliyoizoea, ya jamii ya pairethroidi, ndiyo hiyohiyo iliyowekwa kwenye karibu kila chandarua kilichokuwa kikigawiwa nchini.

PBO haiui mbu. Kazi yake ni kuvidhoofisha vimeng'enya ambavyo mbu sugu huvitumia kuivunjavunja sumu mwilini, ili dawa ya zamani ipate tena nguvu. Maabara ilikuwa imeonyesha hivyo. Ambalo halikujulikana ni kama mtoto anayelala chini ya chandarua hicho, katika nyumba ya kawaida yenye matundu ukutani, ataugua kidogo zaidi.

Ndipo likaja jaribio lenyewe. Maeneo 48 ya wilaya yaligawanywa kwa kura katika makundi 4 ya maeneo 12 kila moja: chandarua cha kawaida, chandarua cha PBO, chandarua cha kawaida pamoja na dawa ya ukoko ya aina nyingine, na cha PBO pamoja na dawa hiyo. Kura si ubahili wala upendeleo. Kama mtafiti angechagua mwenyewe, huenda bila kukusudia angepeleka vyandarua vipya kwenye vijiji vilivyo karibu na barabara au zahanati, na mwishoni asingejua kama kilicholeta nafuu ni chandarua au ni zahanati. Vyandarua viligawiwa mwanzoni mwa 2015. Miezi 9 baadaye watoto walitobolewa kidole na kupimwa: palipokuwa na chandarua cha kawaida, 42 katika kila 100 walikuwa na vimelea, palipokuwa na PBO, 29. Baada ya miezi 21 malaria ilikuwa imepanda kote, lakini pengo lilibaki, 62 kwa 45. Tena ilionekana kwamba kutumia chandarua cha PBO pamoja na dawa ya ukoko hakukuongeza faida ya maana. Kwa nchi inayohesabu kila shilingi ya bajeti ya afya, jibu hilo lina thamani sawa na lile la kwanza.

Fedha zilitoka Uingereza. Hapa ndipo mashaka ya wengi huanzia, na ni mashaka ya haki: mwenye fedha asipodhibitiwa ndiye huamua swali, sampuli na sifa. Tanzania ina vizuizi vyake. Mtafiti wa nje hafanyi kazi bila kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), lazima awe na mwenzake Mtanzania, na utafiti unaogusa afya za watu hupitia kamati ya maadili ya NIMR. Sampuli haivuki mpaka bila mkataba wa kuihamisha. Ila karatasi hazitoshi. Kipimo ninachokiamini zaidi ni orodha ya waandishi.

Ripoti ya Muleba ilichapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet, na jina la kwanza lilikuwa la Natacha Protopopoff wa London. La pili la Jacklin Mosha wa NIMR Mwanza. Mwaka 2022 jarida hilohilo likachapisha jaribio kubwa zaidi, la maeneo 84 wilayani Misungwi, ng'ambo ya ziwa, kuhusu vyandarua vyenye dawa mbili. Safari hii jina la kwanza lilikuwa la Jacklin Mosha. Katika taaluma hii jina la kwanza hupewa aliyeibeba kazi. Jaribio la Misungwi nalo lilikuwa miongoni mwa kazi zilizoifanya WHO mwaka 2023 ishauri vyandarua vyenye klofenapiri, mojawapo ya dawa zilizojaribiwa humo. Kati ya wilaya moja na nyingine, mtaalamu wa Mwanza amehama kutoka nafasi ya pili hadi ya kwanza, na timu ya mbu, maabara na takwimu imebaki Kanda ya Ziwa. Hiyo ndiyo elimu ndani ya ushirikiano, na huchukua miaka mingi kuliko muda wa mradi wowote mmoja.

Kagera imeonja pia ushirikiano wa namna nyingine, kwenye kibanja. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa fedha za Ubelgiji, mkoa uliletewa migomba ya FHIA iliyozalishwa Honduras na kukuzwa kwenye mirija ya kioo katika Chuo Kikuu cha Leuven, penye hazina ya aina zaidi ya 1,500 za migomba. Migomba ile ilizaa sana na kuhimili magonjwa, lakini jikoni haikuweza kuziondoa ndizi za kupika za Wahaya. Iliyokaribia zaidi ladha hiyo ilitoka kwa jirani: mbegu chotara za watafiti wa Uganda na taasisi ya IITA, zikajaribiwa katika kituo cha utafiti cha Maruku na vituo vingine, wakulima wakazitathmini shambani na kuzionja zikiwa zimepikwa, na 4 kati yake zikaidhinishwa Tanzania mwaka 2021 kwa jina la TARIBAN. Nchi ya pili katika ushirikiano si lazima iwe ya Ulaya. Anayekula chakula kimoja na wewe hahitaji kuelezwa tatizo.

Panapolegea sana ni kwenye mrejesho. Majibu hufika Geneva na Dodoma kabla ya kufika mkutano wa kijiji, kwa sababu safari ya kurudi kijijini mara nyingi haikuwekwa kwenye bajeti tangu mwanzo. Kwa hiyo timu ya watafiti ikibisha hodi Buganguzi na barua ya mtendaji, mwenye nyumba aombe fomu ya ridhaa kwa Kiswahili na aisome yote. Ana haki ya kukataa, na ya kujitoa katikati, bila kunyimwa huduma ya zahanati. Aulize damu ya mtoto itapimwa wapi, itatunzwa miaka mingapi, na ni mwezi gani watarudi kusema walichokiona. Na mwenyekiti wa kitongoji auandike mwezi huo kwenye muhtasari wa mkutano.