Bawa Lilikubali, Betri Ikakataa

OpenVSP ni programu ya bure ya kuchorea ndege ambayo bado ni wazo tu. Ilitengenezwa kwa ajili ya NASA, nayo NASA ikaiachia watu wote mwaka 2012. Unachagua bawa, unaandika urefu wake, upana wa shinani na wa nchani. Ukigusa namba moja umbo zima linajipanga upya, na ukitaka inakukokotolea eneo lote litakalopigwa na upepo. Mhandisi huweza kuchora na kufuta ndege kadhaa kabla ya chai ya saa nne. Raha iko hapo, na hapo hapo ndipo ratiba za miradi huanza kujidanganya.

Miongoni mwa ndege zilizopitishwa humo ni X-57 Maxwell, iliyotangazwa na NASA Juni 2016. Mpango: kuchukua Tecnam P2006T, ndege ya Kiitalia ya injini mbili, na kuivisha bawa jembamba lenye mota za umeme 14. Mbili kubwa zikae nchani. 12 ndogo zijipange ukingo wa mbele, zilipulizie bawa upepo wakati wa kuruka na kutua tu. Angani pangaboi za hizo ndogo zingejikunja. Kwa msaada huo, bawa lingeweza kupunguzwa hadi chini ya nusu ya lile la awali. Wazo tamu, na hesabu zikakubali.

Betri nazo? Katika mchoro wa hatua hiyo, betri ni sanduku lenye vipimo na uzito. Halichemki. Majaribio ya mwishoni mwa 2016 yalionyesha kuwa seli moja ikishika moto huambukiza jirani zake, kwa hiyo pakiti nzima ikasanifiwa upya. Kisha transista za kuendeshea mota zikawa zinaungua mara kwa mara. Zilipopatiwa dawa, ikagundulika hitilafu ya kimakanika kwenye mota kubwa, ya kumhatarisha rubani.

Siilaumu programu, haikuulizwa. Nawashangaa wanaopanga miaka ya mradi kwa kasi ya kipanya.

Juni 2023 NASA ilitangaza kuufunga mradi bila X-57 kuruka hata mara moja. Lile bawa jembamba lilijengwa kweli, likabebeshwa mizigo ya majaribio ardhini, likabaki huko huko.