Gobori na Nyati: Desturi ya Bunduki Mbili katika Nchi ya Mara

Neno gobori lajulikana na watu wengi, lakini ni wachache waliokwisha kulishika gobori lenyewe mkononi, na wachache zaidi waliopata kusimama nalo mbele ya nyati. Katika makala hii twataka kueleza jinsi watu wawili walivyokuwa wakiwinda nyati kwa magobori katika nchi ya Mara, na kwa nini walikwenda wawili, wala si mmoja, wala si kundi. Habari hizi tulizipata Mwigobero, mjini Musoma, karibu na mahali pashukapo watu wa kivuko kitokacho Kinesi. Waliotueleza ni wazee wawili marafiki: mmoja ni Mjita, watu wa ziwani, wa pili ni Mnata, watu wa bara upande wa Serengeti. Majina yao hatutayataja, maana hawakupenda yatajwe.

Kwanza na tuseme kidogo juu ya chombo chenyewe. Katika Kiswahili cha zamani bunduki ziliitwa kwa jinsi zinavyowashwa. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume kwa jiwe litoalo cheche. Bunduki ya fataki kwa kikofia cha shaba chenye dawa ilipukayo ikigongwa. Hizo zote tatu hujazwa kwa mdomo. Nyuma yake ikaja bunduki ya viasi, ambayo hutiwa kwa nyuma kiasi kilichokwisha kutengenezwa, baruti na risasi pamoja. Neno gobori siku hizi limezikusanya zile za kwanza zote; lile walilotumia wazee wetu lilikuwa la fataki. Msomaji aangalie tofauti ya vitendo: mwenye bunduki ya viasi hutia, lakini mwenye gobori hushindilia. Hata mlaji aliyekula kupita kiasi husemwa ameshindilia, na aliyeona mdeki ukifanya kazi yake hatauliza kwa nini.

Msomaji atauliza pia, ilikuwaje watu wa karne ya 20 wakawa na silaha za karne zilizopita? Sababu yake kubwa ni sheria. Katika Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikatazana kuingiza katika sehemu kubwa ya Afrika bunduki zenye mifuo ndani ya kasiba na zile zijazwazo kwa nyuma. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo ziliachiwa nafasi, kwa masharti. Basi silaha bora zikabaki mikononi mwa majeshi na wageni, na mwenyeji akaachiwa ya kizamani. Baadaye, wakati wa Waingereza, mwenyeji wa Tanganyika aliweza kupata kibali cha gobori, hasa kwa kulinda shamba. Gobori la yule Mjita lilikuwa la baba yake, nalo lilikuwa na kibali.

Kushindilia kwenyewe ni hivi. Mwindaji husimamisha kitako chini, humimina baruti kutoka katika pembe kwa kipimo alichokizoea, hutia kizibo cha nyuzi au kitambaa, hukisukuma kwa mdeki mpaka kikae. Kisha hutia risasi, na juu yake kizibo cha pili ili risasi isitoke bunduki ikiinamishwa. Mwisho hutoa fataki katika kijaluba akaivika juu ya kifa, ndicho kichuchu chenye tundu lipelekalo moto ndani. Mtu mwepesi, asiyetetemeka, aweza kuyamaliza hayo katika nusu dakika. Nasi twasema nusu dakika kwa kumpendelea.

Baruti yenyewe ni nyeusi, mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Kipimo cha siku nyingi ni sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za kiberiti. Shura isiyo safi huvuta unyevu, kwa hiyo asubuhi ya umande ni adui wa mwenye gobori. Tena hutoa moshi mzito mweupe. Mpigaji akiisha kupiga haoni kitu; husikia tu vichaka vikivunjika, wala hajui vyavunjika vikienda au vikija. Na kwa kuwa kasiba haina mifuo, risasi haishiki njia moja kwa mbali. Wazee wetu walisema hawakupiga mnyama mkubwa aliye mbali zaidi ya hatua 40.

Sasa tumweleze mnyama. Jina nyati na jina mbogo yote mawili ni ya Kibantu halisi: Wazulu husema inyathi, na Waganda husema embogo, hata wana ukoo uitwao kwa jina hilo. Baadhi ya watu wakitafsiri vitabu vya Marekani hutia neno nyati mahali pa bison, kwa kuwa Wamarekani wenyewe humwita mnyama wao kwa jina la nyati. Twaona ni kosa. Yule wa Marekani ana manyoya mazito na nundu mabegani, na mapembe mafupi; wetu ana mapembe mapana yaliyokutana juu ya paji kama kofia ya chuma. Na habari zao za uwindaji ni mbali kabisa. Kule wawindaji wa ngozi walikaa mbali wakapiga mmoja mmoja kwa bunduki nzito zenye mifuo, na kundi mara nyingi likasimama tu likishangaa. Hata wanyama waliokuwa mamilioni mwanzoni mwa karne ya 19 walipungua wakawa chini ya 1,000 ilipokaribia kwisha. Nyati wetu hasimami kushangaa.

Dume mzima aweza kufika kilo 700 au zaidi. Hunusa sana, kwa hiyo mwindaji hurusha vumbi au majivu apate kujua upepo waenda wapi. Mgongoni huwa na ndege wale wadogo walao kupe, nao wakiruka kwa kelele mwindaji amekwisha kuonekana. Madume wazee hujitenga na kundi, wakakaa wawili watatu au peke yake katika matete, na hao ndio wa hatari. Akijeruhiwa hukimbia mpaka kichakani, kisha mara nyingi huzunguka akasimama kando ya njia yake mwenyewe, akimngoja anayemfuata. Paji lake halipigwi kwa gobori, maana risasi ni laini na pembe ni ngumu. Hupigwa nyuma ya bega, chini, karibu na kwapa.

Kwa Wanata uwindaji si jambo la pembeni. Katika masimulizi ya asili yao mwanamume wa kwanza ni mwindaji, na mwanamke wa kwanza ni mkulima. Silaha za babu zao zilikuwa mishale ya sumu na mashimo. Lakini nyati walikuwa wamekuwa haba sana kwa muda mrefu, kwa sababu ya sotoka iliyoingia mnamo mwaka 1890 ikaua ng'ombe na wanyama wa porini wa jamii yao, kisha ikaendelea kurudi mara kwa mara. Ng'ombe walipokwisha kuchanjwa kwa wingi katika miaka ya 1950, ugonjwa ukawatoka na wanyama wa Serengeti, na tangu miaka ya mwanzo ya 1960 nyati wakaongezeka upesi. Hivyo vijana waliokua wakati ule wa Uhuru waliwaona nyati mashambani kuliko walivyowaona baba zao, na hifadhi ya Serengeti, iliyowekwa mwaka 1951, ilikuwa karibu.

Hapa ndipo ilipoingia desturi ya bunduki mbili. Gobori lina neno moja tu. Likiisha kulisema, mwenyewe ni sawa na mtu mwenye fimbo kwa muda wa nusu dakika, na nyati hahitaji nusu dakika. Kwa hiyo walikwenda wawili. Bunduki ya kwanza ndiyo ya kuulia. Bunduki ya pili, kama walivyotueleza, si ya mnyama: ni ya rafiki. Mwenye nayo hapigi hata amwone mnyama amesimama ubavu wazi, hata mnyama akianguka akiinuka. Hukaa kimya mpaka wa kwanza awe amekwisha kushindilia tena, au mpaka nyati amjie. Mtu wa tatu hakupendwa, kwa sababu watu wengi hupiga kelele, na kwa sababu kila mmoja hudhani mwingine bado ana risasi.

Wenye busara watasema hilo ni jambo jepesi. Sisi tuliposikia habari ya siku yao moja hatukuliona kuwa jepesi.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru wa 1961, upande wa Bunda, si mbali na mto Rubana. Dume mmoja alikuwa akiingia usiku katika mtama, na Bwana Nyama alikuwa ametoa ruhusa auawe. Wakatoka alfajiri. Mnata, ajuaye nyayo, alitangulia na bunduki ya kwanza. Mjita akafuata na ya pili. Wakamkuta amesimama katika kivuli cha mgunga. Mnata akapiga kwa hatua kama 30, moshi ukatanda. Nyati akayumba, akageuka kukimbia, akampa Mjita ubavu wote. Naye Mjita akapiga.

"Hakuna aliyenituma," alituambia mzee huyo. "Nilitaka na mimi niseme nimepiga nyati."

Mnata hakumkemea. Wakaanza kushindilia wote wawili, kila mmoja akimpa mwenzake mgongo ili waone pande zote. Mjita alikuwa amekwisha kutia baruti na kizibo, mdeki ungali ndani ya mtutu, nyati alipotoka kichakani kwa upande ambao hawakumtazamia, akamtupa Mnata chini na kumtoboa paja. Risasi ilikuwa bado mfukoni. Mjita akakimbia mpaka karibu, akavika fataki, akaweka mdomo wa bunduki penye shingo ya mnyama na kufyatua vilevile, mdeki wa chuma ukatoka badala ya risasi. Nyati akapiga magoti, akalala ubavu.

Tuliwauliza ni nini kilichomwua. Hapo wazee wakaanza kubishana, na twadhani hawakuanza siku hiyo. Mjita husema kuwa risasi ya kwanza ilikuwa imeingia pafuni, mnyama alikuwa mfu tayari ila miguu yake haijapata habari. Mnata husema risasi yake haikuwa kitu, mdeki ndio uliomwua. Mgeni aweza kudhani kila mmoja ajinyenyekeza kwa adabu tu. Sivyo. Kwa desturi waliyoifuata, mnyama ni wa yule aliyemtoa damu kwanza, na mwenye bunduki ya pili hupewa kidari na mkono mmoja kwa ajili ya kuitunza risasi yake. Mjita hakuitunza, kwa hiyo aliona hana haki ya kidari, akakataa kukipokea. Na Mnata, aliyekuwa amelala na kitambaa kimefungwa pajani, akasema kama mdeki ndio uliomwua, basi bunduki ya pili ilitunza neno lake mpaka mwisho, na kidari kiende. Alipoona mwenzake bado akataa, akaamuru kipelekwe kwa mama yake Mjita, ambaye hangeweza kukirudisha bila kumtusi mgonjwa.

Waswahili husema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mithali hiyo haisemi neno juu ya rafiki aliyeileta dhiki yenyewe kwanza, kisha akafaa. Tulimtajia Mjita mithali hii. Akatazama ziwani, hakujibu. Mnata ndiye aliyecheka.

Uwindaji wa namna hii umekwisha. Nyati hupigwa kwa kibali tu, katika mahali palipowekwa, na wenye vibali huhesabu kuwa bunduki isiyofikia .375 haifai kwake. Silaha nazo husimamiwa na sheria ya mwaka 2015, na magobori yatengenezwayo kwa siri kwa mabomba ya chuma ni kosa. Wako waendao nayo porini usiku. Na mnyama waliyemjeruhi hubaki akimngoja mwanamke atokaye kuteka maji au mtoto achungaye mbuzi. Hao wazee wetu hawawaiti wawindaji.

Gobori la Mjita lilirudishwa polisi zamani, pamoja na pembe yake ya baruti. Mdeki haukudaiwa, maana ulikuwa umepinda na polisi hakuutambua kuwa ni sehemu ya silaha. Tuliuona nyumbani kwake Mwigobero, nyuma ya jiko, ambapo wajukuu huchochea nao moto wa kukaushia sangara. Mnata, apitapo kumwamkia rafiki yake, huingia akichechemea, huuokota, huupima kwa jicho kama alingaye shabaha, kisha huurudisha majivuni.