Kumfungua Mbwa Kamba

Wasomaji wetu wa visiwani watashangaa kumwona mbwa katika safu hii. Lakini hata sheria ya dini imemtambua mbwa wa kulinda mifugo, na huyo ndiye tumkusudiaye.

Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Ruaha, mkoani Iringa, simba na fisi huvamia mazizi. Mradi wa wanyama walao nyama wa Ruaha, ulioanza mwaka 2009, uliwapa baadhi ya wafugaji mbwa wa asili ya Anatolia, Uturuki. Mbwa wa kazi hiyo hukuzwa tangu utoto pamoja na mbuzi. Siku ya kufunguliwa kamba ndiyo mtihani wake: akiwakimbiza mbuzi kwa mchezo hurudishwa kambani, akitulia huachiwa kidogo kidogo, mchungaji akiwa karibu.

Lakini asifunguliwe bila chanjo. Kisiwani Pemba chanjo ya mbwa ilikifuta kichaa cha mbwa mwaka 2014. Mwaka 2016 kikarudi kutoka bara. Kwa hiyo kamba ya Iringa au Mbeya ni jambo la Mpemba pia. Tunawataka maofisa wa mifugo wawahi vijijini kabla kamba hazijafunguliwa.