Imani ya Mama Haipimwi kwa Mkesha

Dada zetu wa Butembo, Beni, Oicha, Mangina, Lubero na kila mahali jarida hili linapofika, juma hili tunaleta neno ambalo wengi wetu tunalisema kwa sauti ya chini tu. Mama anaendeleaje kumwabudu Mungu wakati miguu imechoka, mfuko ni mtupu na moyo umejaa hofu?

Katika vikundi vyetu kunasikika maneno mawili yanayoumiza. La kwanza ni lile la kumsema mwenzetu: "Fulani haji tena kusali, imani yake imepoa." La pili mama anajisemea mwenyewe usiku: "Mungu hawezi kunisikia, maana sina hata nguvu ya kuomba." Tunaona maneno yote mawili yanakosea, na tunaomba tuyatazame pamoja.

Kuogopa si kukana imani

Tusijidanganye kwamba hofu yetu haina sababu. Tangu Oktoba 2014 mauaji hayajakoma katika eneo la Beni. Siku ya Mungu tarehe 27 Juni 2021, bomu lililipuka katika kanisa katoliki la Emmanuel-Butsili, mjini Beni, asubuhi ambayo watoto walikuwa wanangojewa kwa kipaimara. Wanawake wawili waliumia. Tarehe 15 Januari 2023, huko Kasindi, bomu lingine liliua watu zaidi ya 10 katika kanisa la Kipentekoste, katikati ya ibada ya ubatizo. Na usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, huko Komanda katika jimbo jirani la Ituri, waamini waliokuwa wamekesha kanisani walivamiwa, na zaidi ya 40 wakapoteza maisha.

Kwa hiyo mama anayesema, "Sitapeleka watoto kwenye mkesha," tusimhukumu. Yosefu na Maria walipoambiwa kwamba Herode anamtafuta Mtoto, hawakubaki Betlehemu ili kuonyesha imani yao. Waliondoka usiku uleule kuelekea Misri. Yesu mwenyewe, watu walipookota mawe wampige, alijificha akatoka hekaluni. Kukimbia hatari kuna mahali pake katika Injili.

Pahali palipo na hatari, mkesha unaweza kuwa sala ya mchana, watu wakarudi nyumbani jua likiwa bado juu. Kikundi kinaweza kusali katika nyumba ya mama mmoja, watu sita au saba, badala ya wote kukusanyika uwanjani. Bwana aliahidi kuwa kati ya wawili au watatu waliokusanyika kwa jina lake. Hakudai umati.

Sisi watu wa huku tumekwisha kujifunza kwamba ibada inaweza kubadilika sura bila kufa. Ebola ilitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, na ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuchukua watu zaidi ya 2,200. Tulinawa mikono kwenye mlango wa kanisa. Tuliacha kupeana mkono wa amani, tukainamiana vichwa tu. Tulikatazwa kuosha na kukumbatia maiti za wapenzi wetu, jambo lililotuchoma kuliko yote. Hata hivyo sala haikusimama. Tulijifunza pia kwamba kumwombea mgonjwa na kumpeleka hospitali ni kazi mbili zinazokwenda pamoja. Mtoto akiwa na homa leo, apelekwe kwenye kituo cha afya mapema, na sala imsindikize njiani.

Mwili uliochoka unaweza kuomba

Mama wa kwetu anaamka kabla ya jogoo. Anachota maji, anawasha makala, anawatayarisha watoto kwa shule, kisha anakwenda shamba au soko. Wale waliokimbia mashamba yao ya kakao na mihogo sasa wanalima kwa watu kwa malipo ya siku. Wengine wamepokea ndugu waliokimbia vita, na sufuria iliyotosha watu sita sasa inagawiwa watu kumi na wawili. Mama huyo akisinzia katikati ya rozari au ya kusoma Biblia, je, amemchukiza Mungu?

Tumkumbuke Hana, mama wa Samweli. Maneno yake hayakusikika, midomo tu ilicheza, hata kuhani Eli akafikiri amelewa. Mungu alimsikia. Tumkumbuke pia Eliya. Alipochoka hata akaomba kufa, Mungu hakuanza kwa kumkaripia. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji, akamwacha alale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye.

Basi sala ya mama iingie ndani ya kazi yake. Chagua mstari mmoja tu wa Maandiko kwa juma nzima, uurudie unapotwanga sombe au unapopanda mlima na mzigo mgongoni. Jioni, kabla ya bukari kuliwa, kila mtoto aseme jambo moja la kumshukuru Mungu na jina la mtu mmoja wa kuombewa. Hiyo haimalizi dakika tano. Watoto watakaosali hivyo kila jioni hawataisahau sala hata wakiwa mbali nawe.

Aibu ya kikwembe na ya sadaka

Kuna wamama ambao hawaogopi wala hawajachoka, lakini hawaji kwa sababu ya aibu. Kikundi kimeamua kushona kikwembe cha namna moja, naye hana pesa ya kukinunua. Wakati wa matoleo wote wanasimama kwa mstari, naye hana hata franka mia tano. Anaona afadhali abaki nyumbani kuliko kutazamwa.

Hapa neno letu linawaelekea viongozi wa vikundi. Yesu aliketi akitazama watu wakitoa sadaka hekaluni, na aliyemsifu ni mjane mwenye sarafu mbili ndogo. Kama mjane wa namna ile angeogopa kuingia katika kikundi chetu, tumeacha njia. Kikwembe cha namna moja ni kizuri, lakini kisiwe mlango wa kuingilia. Anayeleta kikombe cha maharagwe au kifungu cha kuni apokelewe kama anayeleta noti.

Vikundi vyenye MUSO vina kisanduku chekundu, kile cha kusaidiana wakati wa ugonjwa, msiba na taabu. Kitumike kweli, na kitumike bila kutangaza jina la aliyesaidiwa. Mama aliyesaidiwa bila kuaibishwa atarudi mwenyewe kusali na wenzake.

Tusimfunge kinywa anayelia

La mwisho ndilo gumu zaidi. Kuna mama aliyezika mume au mtoto aliyeuawa kwa panga, na sasa anamkasirikia Mungu. Tunamwendea na maneno ya haraka: "Ni mapenzi ya Mungu," "Samehe tu." Maneno hayo yanamfunga kinywa. Biblia haikumfunga. Zaburi ya 13 inamuuliza Mungu atasahau hadi lini. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaisha gizani, na hata hivyo ni sala, imewekwa katika kitabu kitakatifu. Anayemlilia Mungu kwa uchungu bado anaongea naye.

Msamaha nao una mwendo wake. Tarehe 1 Februari 2023, mjini Kinshasa, kijana mkulima kutoka Butembo-Beni alimsimulia Papa Fransisko namna baba yake alivyouawa mbele ya macho yake. Kisha akaweka chini ya msalaba panga lililofanana na lile lililomuua. Hakusema kwamba uchungu umekwisha. Aliuweka mahali ambapo unaweza kubebwa pamoja na Kristo. Mama anayeomboleza naye apewe muda. Sisi tuende kwake, tukae naye, tumchotee maji, tumsikilize. Siku asipoweza kuomba, tuombe kwa niaba yake, mpaka sauti yake irudi.

Kazi ya juma hili

Tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu kabla ya mkutano ujao. Hesabuni wale ambao hawakuonekana mwezi huu, na kila mmoja atembelewe na wamama wawili, bila maswali ya kumlaumu. Zungumzeni saa ya sala zenu, mkubaliane saa ambayo kila mama anaweza kufika na kurudi salama. Tazameni kisanduku cha kusaidiana, muone ni nani aliye na haja lakini ameogopa kuomba.

Mama asiyefika kanisani Siku ya Mungu ijayo, asisikie kwanza kwamba amesemwa. Asikie hodi mlangoni, na sauti ya dada inayomwita kwa jina.